Kujitunza kwa viongozi

Kujitunza kwa viongozi ni jumla ya mazoea ambayo mtu mwenye madaraka juu ya wengine huyafuata ili kulinda afya ya mwili na akili yake, na hivyo kubaki na uwezo wa kuamua vizuri, kuongoza wenzake na kubuni mambo mapya. Mazoea hayo ni pamoja na kulala vya kutosha, kufanya mazoezi, kula kwa wakati, kupumzika, kugawa majukumu, na kuzingatia dalili za mwili kama vile mapigo ya moyo, pumzi, njaa na uchovu.

Suala hili huchunguzwa na saikolojia, fiziolojia, elimu ya uongozi na afya ya jamii. Msingi wake ni kwamba ubongo ni kiungo cha mwili kama viungo vingine. Mwili ukichoka, uwezo wa kufikiri hupungua, na mara nyingi hupungua kabla mwenyewe hajatambua. Kwa mtu wa kawaida hasara hiyo humhusu yeye na familia yake. Kwa kiongozi huwafikia wafanyakazi, wagonjwa, wanafunzi au wananchi ambao maisha yao hutegemea maamuzi yake.

Maana na mipaka

Shirika la Afya Duniani (WHO) hueleza kujitunza kuwa ni uwezo wa watu binafsi, familia na jamii wa kuendeleza afya, kuzuia maradhi, kudumisha afya na kukabiliana na ugonjwa au ulemavu, wakisaidiwa na mhudumu wa afya au bila msaada huo. Mwaka 2019 shirika hilo lilitoa mwongozo wake wa kwanza kuhusu hatua za kujitunza kiafya.

Kwa upande wa viongozi, maana hiyo huongezewa mambo mawili. La kwanza ni kazi yenyewe: kiongozi hujitunza si kwa ajili ya afya yake tu, bali pia ili aendelee kutimiza wajibu wake. La pili ni kuutambua mwili, yaani kuzoea kusoma ishara zinazotoka ndani ya mwili na kuzitumia kama taarifa.

Kujitunza hutofautiana na anasa. Safari ya gharama au chakula cha hotelini si lazima kiwe kujitunza, na kulala mapema kila siku hakugharimu fedha yoyote. Hutofautiana pia na matibabu: mwenye ugonjwa huhitaji mtaalamu wa afya, na mazoea mema husaidia tiba lakini hayachukui nafasi yake.

Historia

Zama za kale

Wazo la kwamba atakaye kuongoza wengine aanze na nafsi yake ni la zamani. Katika mazungumzo yaitwayo Alkibiade, yanayohesabiwa kati ya maandishi ya Plato, Sokrates anamkuta kijana anayetaka kuingia katika siasa za mji wa Athens. Anamwonyesha kwamba hajajitambua wala kujitunza, hivyo hayuko tayari kutawala. Nafsi anayoizungumzia Sokrates hapo ni roho zaidi kuliko mwili. Katika karne ya 20 mwanafalsafa Mfaransa Michel Foucault aliyarudia maandishi hayo na mengine ya Wagiriki na Waroma, na mwaka 1984 alichapisha kitabu juu ya namna watu wa kale walivyojishughulisha na nafsi zao.

Katika Biblia, kitabu cha Kutoka sura ya 18 kinasimulia jinsi Musa alivyokaa tangu asubuhi hadi jioni akiamua mashauri ya watu. Mkwe wake Yethro alimwonya kwamba kazi hiyo ingemchosha yeye pamoja na watu waliokuwa wakimsubiri. Alimshauri achague wasimamizi wa maelfu, wa mamia, wa hamsini na wa makumi, yeye abaki na mashauri magumu tu. Simulizi hilo hutajwa mara nyingi katika mafunzo ya uongozi kama mfano wa kale wa kugawa majukumu.

Karne ya 20

Mwaka 1915 mwanafiziolojia Mmarekani Walter Cannon alieleza jinsi mwili unavyojiandaa kupigana au kukimbia unapokutana na hatari. Mwaka 1936 Hans Selye, aliyekuwa akifanya kazi Montreal nchini Kanada, alieleza hatua tatu za mwili unaobanwa kwa muda mrefu: kushtuka, kustahimili na kuishiwa nguvu. Kazi za wawili hao ndizo chanzo cha elimu ya kisasa kuhusu msongo.

Neno kujitunza lilipata nafasi katika taaluma ya uuguzi kupitia Mmarekani Dorothea Orem, ambaye kitabu chake cha mwaka 1971 kilieleza uuguzi kama msaada kwa mtu asiyeweza kujitunza mwenyewe.

Mwaka 1974 Herbert Freudenberger, mwanasaikolojia wa New York, alichapisha makala kuhusu uchovu wa watoa huduma. Mchana alikuwa akihudumia wagonjwa wake, na usiku alijitolea katika kliniki ya bure. Aliona wenzake waliokuwa na ari kubwa wakizimika taratibu, na yeye mwenyewe yakamkuta. Mwaka 1981 Christina Maslach na Susan Jackson walitoa dodoso la kupima hali hiyo, ambalo bado linatumika katika nchi nyingi.

Mwaka 1979 Jon Kabat-Zinn alianzisha katika Chuo Kikuu cha Massachusetts programu ya wiki nane ya kupunguza msongo kwa njia ya kutafakari. Mojawapo ya mazoezi yake ni kulala chali na kupitisha mawazo polepole katika kila sehemu ya mwili, kuanzia vidole vya miguu hadi kichwani. Zoezi hilo sasa hufundishwa katika kozi nyingi za viongozi.

Mwaka 1988 mshairi na mwanaharakati Mmarekani Audre Lorde, aliyekuwa akiugua saratani, alichapisha kitabu ambamo alitetea kujitunza kama sehemu ya mapambano ya watu wanaoonewa. Tangu hapo viongozi wa vyama vya kiraia wamelitumia wazo hilo kuwaambia wenzao kwamba kupumzika si kuisaliti kazi.

Kuutambua mwili

Mwaka 1906 mwanafiziolojia Mwingereza Charles Sherrington alitofautisha hisi zinazopokea habari kutoka nje, kama kuona na kusikia, na zile zinazopokea habari kutoka ndani ya mwili. Hisi hizi za ndani huleta kwenye ubongo taarifa za moyo, mapafu, tumbo, kibofu, joto na maumivu. Sehemu ya ubongo inayohusika sana na taarifa hizo inaitwa insula, na imejificha ndani ya mkunjo wa pembeni wa ubongo.

Lugha ya Kiswahili ina hazina kubwa ya misemo inayoonyesha kwamba watu wamezitambua ishara hizo tangu zamani. Mwenye wasiwasi huambiwa yuko roho juu au tumbo joto. Aliyebanwa na maswali hutokwa na kijasho chembamba. Asiyetaka jambo huwa na moyo mzito, na anayehisi hatari kabla ya kuiona husemwa kuwa amechezwa na machale.

Nadharia ya alama za mwili

Mwanasayansi wa neva Antonio Damasio, katika kitabu chake cha mwaka 1994, alipendekeza kwamba ishara za mwili husaidia kufanya maamuzi. Alikuwa amechunguza wagonjwa walioumia sehemu ya mbele ya ubongo. Akili zao zilipopimwa zilionekana nzima, lakini maamuzi yao ya kila siku yalikuwa mabaya. Kwa maoni yake, tukio lililowahi kuleta hasara huacha alama mwilini, na alama hiyo humwonya mtu anapokaribia kosa lilelile.

Damasio na wenzake walitumia mchezo wa karata wenye mafungu manne, mawili yakileta faida na mawili hasara. Waliripoti kwamba watu wenye afya walianza kutoa jasho kidogo viganjani walipoelekea kwenye fungu baya, hata kabla ya kuweza kueleza ubaya wake. Mwaka 2004 watafiti wengine walionyesha kwamba wachezaji hujua mengi kuhusu mafungu hayo mapema kuliko ilivyodhaniwa. Mjadala juu ya nadharia hiyo unaendelea.

Utafiti wa London

Mwaka 2016 kundi la watafiti, akiwemo John Coates aliyewahi kufanya kazi katika soko la fedha, lilichapisha uchunguzi juu ya wanaume waliokuwa wakinunua na kuuza dhamana katika mfuko mmoja wa uwekezaji London. Waliombwa kuhesabu mapigo ya moyo wao bila kujishika mshipa. Walihesabu kwa usahihi zaidi kuliko watu wa kundi la kulinganisha. Miongoni mwao, waliohesabu vizuri zaidi walipata faida kubwa zaidi na walikuwa wamedumu kazini kwa miaka mingi zaidi.

Utafiti huo ulihusu watu wachache, tena wa jinsia moja na kazi moja. Hauthibitishi kwamba kujifunza kuhesabu mapigo ya moyo kutamfanya mtu kuwa kiongozi bora. Kipimo chenyewe pia kimekosolewa, kwa sababu anayejua wastani wa mapigo yake anaweza kukisia jibu.

Msongo na uchovu wa kazi

Mtu anapokabiliwa na jambo zito, tezi zilizo juu ya figo hutoa homoni za adrenalini na kotisoli. Moyo huenda mbio, sukari huongezeka katika damu na usagaji wa chakula hupungua. Hali hiyo ikidumu kwa dakika au saa chache humsaidia mtu kutenda. Ikiendelea kwa miezi, mwili hulipa gharama: shinikizo la damu hupanda, usingizi huvurugika na kinga hudhoofika. Mwaka 1993 Bruce McEwen na Eliot Stellar waliupa jina mzigo huo unaolimbikizwa na mwili kwa kujirekebisha mara kwa mara, na tangu hapo umepimwa katika tafiti nyingi.

Katika toleo la 11 la Orodha ya Kimataifa ya Magonjwa, lililoanza kutumika mwaka 2022, WHO inautaja uchovu wa kazi kama hali inayotokana na kazi, si ugonjwa. Dalili zake ni tatu:

- kuishiwa nguvu;
- kujitenga na kazi kimawazo, kuichukia au kuikejeli;
- kupungua kwa ufanisi.

Dalili ya pili huweza kufichika kwa kiongozi. Kejeli yake huchukuliwa kuwa uzoefu, na ukali wake huchukuliwa kuwa msimamo. Kwa kuwa walio chini yake huogopa kumwambia, huenda akawa mtu wa mwisho kujua.

Saa nyingi za kazi zina hatari nyingine. Mwaka 2021 WHO na Shirika la Kazi Duniani (ILO) yalikadiria kwamba mwaka 2016 watu 745,000 walikufa kwa kiharusi au ugonjwa wa moyo kutokana na kufanya kazi saa 55 au zaidi kwa wiki. Ikilinganishwa na saa 35 hadi 40, muda huo uliambatana na ongezeko la asilimia 35 la hatari ya kiharusi, na asilimia 17 la hatari ya kufa kwa ugonjwa wa moyo.

Usingizi

Wataalamu wa usingizi wanashauri mtu mzima alale saa 7 au zaidi kwa usiku. Utafiti wa mwaka 1997 uliofanyika Australia ulionyesha kwamba mtu aliyekesha saa 17 mfululizo hupungukiwa na umakini sawa na mwenye asilimia 0.05 ya pombe katika damu. Kiwango hicho kinatosha kumzuia dereva kuendesha gari katika nchi nyingi. Baada ya saa 24 upungufu ulilingana na asilimia 0.10 hivi.

Utafiti mwingine, wa mwaka 2003 nchini Marekani, ulihusu watu walioruhusiwa kulala saa 6 tu kwa usiku 14 mfululizo. Umakini wao ulishuka siku hadi siku hadi kufanana na wa waliokesha kabisa usiku mmoja au miwili. Hata hivyo wenyewe walisema wanahisi usingizi kidogo tu. Matokeo hayo hutumika kupinga madai ya viongozi wanaosema wameuzoesha mwili kulala saa chache. Kinachozoeleka ni hisia ya uchovu, lakini upungufu wenyewe hubaki.

Usingizi unahusiana pia na ubunifu. Mwaka 2004 watafiti wa Ujerumani waliwapa watu hesabu zilizokuwa na kanuni ya mkato iliyofichwa. Waliolala usiku baada ya kuanza hesabu hizo waliigundua kanuni mara mbili na zaidi kuliko waliokesha, au waliokaa macho mchana kwa muda uleule.

Kahawa na chai huficha uchovu bila kuuondoa. Kafeini huchukua takriban saa 5 kupungua kwa nusu mwilini, ingawa muda huo hutofautiana kati ya mtu na mtu. Utafiti wa mwaka 2013 ulionyesha kwamba miligramu 400 za kafeini zilizotumiwa saa 6 kabla ya kulala zilipunguza usingizi kwa zaidi ya saa moja.

Mapumziko na ubunifu

Mwaka 1926 Mwingereza Graham Wallas aligawa kazi ya ubunifu katika hatua nne: maandalizi, kuatamia wazo, kupambazukiwa, na kuhakiki. Hatua ya pili hutokea mtu anapoliacha tatizo na kufanya mambo mengine. Mfano unaotajwa sana ni wa mwanahisabati Mfaransa Henri Poincaré. Alisimulia kwamba jibu la tatizo lililomsumbua lilimjia ghafla alipokuwa akipanda gari la abiria safarini, wakati hakuwa akiliwazia. Naye Charles Darwin alikuwa na njia ya mchanga karibu na nyumba yake huko Kent, ambako alitembea kila siku huku akifikiri.

Mwaka 2014 Marily Oppezzo na Daniel Schwartz wa Chuo Kikuu cha Stanford walichapisha majaribio manne kuhusu kutembea. Washiriki waliombwa kutaja matumizi mapya ya vitu vya kawaida. Wakitembea, mawazo yao mapya yaliongezeka kwa wastani wa asilimia 60 hivi kuliko walipokaa, hata kama walitembea juu ya mashine ndani ya chumba kisicho na mapambo. Lakini katika maswali yenye jibu moja sahihi waliotembea walifanya vibaya kidogo. Kutembea basi kunafaa zaidi wakati wa kutafuta mawazo, na kukaa kunafaa wakati wa kuyachambua.

Shinikizo la muda nalo limechunguzwa. Mwaka 2002 Teresa Amabile na wenzake, waliokusanya shajara za kila siku za wafanyakazi wa makampuni ya Marekani, waliripoti kwamba kwa kawaida watu hubuni kidogo zaidi siku wanazokimbizwa na muda, ingawa wenyewe huweza kujiona wamebuni zaidi.

Athari kwa wanaoongozwa

Hali ya kiongozi huambukiza. Mwaka 2015 Christopher Barnes na wenzake walichapisha utafiti uliofuatilia viongozi na watu walio chini yao siku kwa siku. Baada ya usiku wa usingizi mbaya, viongozi walielekea zaidi kuwa wakali na kuwadhalilisha wafanyakazi, na siku hiyo idara nzima ilipungukiwa na ari ya kazi. Kilichohusika zaidi kilikuwa ubora wa usingizi kuliko idadi ya saa.

Kiongozi hutoa pia mfano bila kusema. Meneja anayetuma ujumbe usiku wa manane huwafanya walio chini yake waamini kwamba wanatakiwa kujibu, hata kama hakukusudia hivyo. Mkuu wa shule asiyechukua likizo huwafanya walimu waone aibu kuomba ya kwao. Mawazo mapya hupungua pia, kwa sababu anayemwogopa mkubwa wake aliyechoka hamletei habari mbaya wala wazo ambalo halijakomaa.

Mifano ya viongozi

Nelson Mandela wa Afrika Kusini alikuwa mwanamasumbwi katika ujana wake. Katika miaka 27 ya kifungo, aliendelea na mazoezi ndani ya chumba chake, akikimbia papo hapo na kupiga pushapu. Katika maisha yake aliyoyaandika alieleza kwamba mazoezi yalimwondolea msongo na kumpa utulivu wa akili.

Kjell Magne Bondevik alikuwa waziri mkuu wa Norwei alipopatwa na sonona mwaka 1998. Badala ya kuficha, aliwatangazia wananchi sababu na kupumzika kwa majuma kadhaa, kisha akarudi kazini. Mwaka 2001 alikuwa waziri mkuu tena na kuongoza hadi 2005.

António Horta-Osório alianza kuongoza benki ya Lloyds ya Uingereza mwaka 2011, wakati benki hiyo ilikuwa bado katika matatizo. Novemba mwaka huohuo alichukua likizo ya ugonjwa kwa sababu ya uchovu na kukosa usingizi, akarudi Januari 2012. Baadaye alizungumza hadharani kuhusu jambo hilo, na benki ikaanzisha mafunzo ya afya ya akili kwa viongozi wake.

Jacinda Ardern, waziri mkuu wa Nyuzilandi tangu mwaka 2017, alitangaza Januari 2023 kwamba anajiuzulu kwa kuwa hakuwa tena na nguvu za kutosha kuifanya kazi hiyo ipasavyo. Mfano wake huonyesha kwamba kusikiliza mwili huweza kumfikisha kiongozi kwenye uamuzi wa kuacha madaraka.

Mazoea yanayopendekezwa

Mazoea yafuatayo hutajwa mara nyingi na wataalamu wa afya na wakufunzi wa uongozi:

- Usingizi: kulala na kuamka saa zilezile, na kuahirisha uamuzi mzito baada ya usiku mbaya.
- Mwendo: WHO inashauri mtu mzima afanye dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki. Kutembea kwa haraka kunatosha kuhesabiwa.
- Kujikagua: kutulia dakika moja kabla ya kikao na kujiuliza kama mabega yamekaza, pumzi ni fupi, kuna njaa au kichwa kinauma. Anayegundua kuwa ana njaa au hasira huweza kungoja kabla ya kujibu barua inayoudhi.
- Pumzi: kupumua polepole, kutoa pumzi kwa muda mrefu kuliko kuvuta. Kupumua huko hupunguza kasi ya moyo.
- Kugawa kazi: kumwachia mwingine madaraka kamili ya jambo fulani, ili kiongozi akiwa likizo asipigiwe simu.
- Mtu wa kusema kweli: kuwa na rafiki, mwenzi au mzee anayeruhusiwa kumwambia kiongozi kwamba amebadilika.
- Vipimo: kupima shinikizo la damu na sukari kwa ratiba hata kama hakuna maumivu.

Jambo la mwisho lina uzito wa pekee. Shinikizo la juu la damu kwa kawaida halina dalili, na kwa makadirio ya WHO karibu nusu ya watu wazima wenye tatizo hilo hawajui kuwa nalo. Kwa hiyo kuusikiliza mwili hakutoshi, kwani kuna magonjwa ambayo mwili hauyatangazi.

Nafasi ya sheria

Sheria za kazi huweka kiwango cha chini cha mapumziko. Nchini Tanzania, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka kikomo cha saa 45 za kawaida kwa wiki, na likizo ya mwaka ya angalau siku 28 mfululizo. Nchini Kenya, Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inatoa likizo isiyopungua siku 21 za kazi kwa mwaka, na angalau siku moja ya mapumziko katika kila siku saba.

Hata hivyo viongozi mara nyingi huachwa nje ya vifungu vya saa za kazi. Sheria ya Tanzania haivitumii vifungu hivyo kwa wafanyakazi wanaosimamia wenzao kwa niaba ya mwajiri na kuwajibika moja kwa moja kwa uongozi wa juu. Agizo la Umoja wa Ulaya la mwaka 2003 kuhusu muda wa kazi nalo linaruhusu nchi wanachama kuwaondoa wakurugenzi watendaji. Matokeo yake ni kwamba kikomo ambacho sheria humwekea karani, meneja wake hana budi kujiwekea mwenyewe.

Ukosoaji

Wakosoaji wa kwanza husema kwamba kujitunza humtwisha mtu binafsi mzigo ambao ni wa taasisi. Christina Maslach mwenyewe amesisitiza mara nyingi kwamba chanzo cha uchovu wa kazi ni uhusiano mbaya kati ya mtu na mazingira ya kazi: kazi kupita kiasi, kukosa uamuzi, malipo duni, upendeleo na mahusiano mabovu. Muuguzi mkuu mwenye wodi iliyojaa na wauguzi wachache hatasaidiwa sana na mazoezi ya pumzi, kama idadi ya wauguzi itabaki ileile.

Ukosoaji wa pili unahusu ubora wa ushahidi. Tafiti nyingi ni ndogo na zimefanyika katika nchi tajiri. Utafiti wa mwaka 2011 kuhusu mahakimu wa Israeli, uliodai kwamba waliwaachia wafungwa wengi zaidi baada ya kula, hutajwa sana katika vitabu vya uongozi. Watafiti waliofuata walionyesha kwamba mpangilio wa kesi unaweza kueleza sehemu ya tofauti hiyo.

Ukosoaji wa tatu ni kwamba hisia za mwili zinaweza kupotosha. Mwenye hofu nyingi huweza kuyasikia mapigo ya moyo wake na kuyatafsiri vibaya, hofu ikazidi. Vilevile hisia ya kutompenda mtu katika usaili wa kazi huweza kutokana na ubaguzi wala si busara. Kwa sababu hiyo wataalamu hushauri ishara za mwili zichukuliwe kama swali la kuchunguzwa, kisha zipimwe kwa takwimu na maoni ya wengine.

Wa nne ni ukosoaji wa kibiashara: wazo lililoanzia kwa wauguzi, wagonjwa na wanaharakati limegeuzwa kuwa bidhaa, likiuzwa kwa kozi, vifaa na safari za bei kubwa, huku mambo yenye ushahidi mzito zaidi, kama usingizi na kutembea, yakiwa hayauzwi dukani.

Tazama pia

- Afya ya akili
- Msongo wa mawazo
- Ubunifu
- Uongozi
- Usingizi
- Shinikizo la damu